Imewaka, Haifunguki: Uhakiki wa Lugha ya Hitilafu za Kiini cha Mfumo Endeshi kwa Msomaji wa Kiswahili Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini fupi ambayo ni nadra kushughulikiwa na wahakiki wa Kiswahili: ujumbe unaotolewa na kiini cha mfumo endeshi kinaposhindwa kuendelea wakati kompyuta mpakato inapowashwa. Hoja kuu ni kwamba uswahilishaji wa programu umepimwa kwa wingi wa maneno yaliyotafsiriwa katika menyu, ilhali ubora wa lugha ya chombo hupimwa siku kinapoharibika. Kwa kusoma mstari mmoja wa Linux neno kwa neno, makala yanaonyesha kuwa msomaji wa Bujumbura huongozwa na sauti ya ujumbe badala ya maana yake, na matokeo yake huwa ni kufuta diski ambayo haikuwa na ugonjwa. Inapendekezwa kuwa ujumbe wa asili uachwe kama kitambulisho, na kando yake iwekwe fafanuzi sanifu ya Kiswahili inayomwelekeza msomaji kwenye tendo sahihi.

1.0 Utangulizi

Mwezi Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisini katika Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo iliandaa vifurushi vya lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Kazi hizo zilithibitisha jambo ambalo leo halihitaji tena kutetewa: kwamba Kiswahili kina uwezo wa kutaja faili, kuhariri, kuhifadhi na kuchapisha. Tangu hapo mjadala wa istilahi za kompyuta umezunguka majina ya vitu. Je, tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Tuseme kompyuta mpakato au kipakatalishi? Nywila au nenosiri?

Mjadala huo una thamani yake, lakini umeacha pengo. Umeshughulika na kompyuta inayofanya kazi. Kompyuta isiyofanya kazi haina msamiati uliokubaliwa, wala haina matini za Kiswahili zinazostahili kuitwa matini. Katika Kinyarwanda, lugha jirani na Kirundi, kompyuta huitwa mudasobwa, jina lenye dhana ya chombo kisichokosea. Waswahili hatukutumia jina la namna hiyo, lakini uswahilishaji wetu umefanyika kana kwamba tulilitumia.

Bujumbura ni mahali pazuri pa kulichunguza pengo hili. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza kikaongezwa kuwa lugha rasmi nchini mwaka 2014, kando ya Kirundi na Kifaransa. Kiswahili ni lugha ya mitaa kama Buyenzi, lugha ya biashara ya Ziwa Tanganyika, na sasa ni moja ya lugha rasmi za Jumuiya. Mwanafunzi wa jijini humo anaweza kuwa na kompyuta yenye kibodi ya Kifaransa, mfumo endeshi wenye menyu za Kiswahili, ujumbe wa hitilafu wa Kiingereza, na fundi atakayezungumza naye kwa Kirundi au Kiswahili. Lugha hizi nne hazigombani kompyuta inapofanya kazi. Hugombana inapokataa kufunguka.

2.0 Mahali ambapo tafsiri haijafika

Ili kuhakiki ujumbe wa hitilafu ni lazima kwanza kujua hutokea wapi. Kompyuta inapowashwa hupita hatua zinazofuatana. Programu dhibiti iliyomo katika ubao mama hukagua vifaa. Kisha kipakiaji, ambacho katika mifumo mingi ya Linux ni GRUB, hutafuta kiini cha mfumo endeshi na kukiweka katika kumbukumbu. Pamoja na kiini hupakiwa faili dogo liitwalo initramfs, lenye viendeshi vya awali vinavyohitajika ili diski iweze kusomwa. Kiini hufungua mfumo wa faili wa mzizi, huanzisha mchakato wa kwanza, na hatimaye mtumiaji huona dirisha la kuingilia lenye maneno ya lugha aliyoichagua.

Maneno ya Kiswahili huonekana katika hatua ya mwisho tu. Sababu si dharau peke yake. Katika Linux, tafsiri za programu huhifadhiwa katika mafaili yaliyomo ndani ya diski, na kiini chenyewe hakina utaratibu wa kutafsiri: ujumbe wake umeandikwa kwa Kiingereza ndani ya msimbo. Basi kiini kinaposhindwa kuifungua diski, tafsiri zote za Kiswahili zimo ndani ya kabati ambalo limeshindwa kufunguliwa. Hata kazi ya Kilinux ingekamilika kwa asilimia mia moja, mtumiaji aliyefikwa na hitilafu hii asingeona neno lake hata moja.

Ufafanuzi huu wa kiufundi husaidia, lakini haupaswi kupokewa kama udhuru wa kudumu. Kikwazo kinachozikabili lugha nyingi katika hatua za mwanzo ni herufi: skrini ya awali haina uhakika wa kuonyesha maandishi ya Kiamhari wala ya Kiarabu, na hata Kifaransa hupoteza alama zake. Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini, bila alama za juu wala za chini. Chochote kinachoweza kuandika Kiingereza katika sekunde ya kwanza ya uwashaji kinaweza kuandika Kiswahili. Kwa hiyo kinachokosekana ni matini yenyewe.

3.0 Usomaji wa mstari mmoja

Mstari unaochunguzwa hapa unafahamika kwa mafundi wa Linux popote walipo:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Tuusome kama tunavyosoma matini yoyote: nani anasema, anamwambia nani, na anataka msikilizaji afanye nini.

Neno la kwanza, kernel, lina tafsiri nzuri. Kiini ni sehemu ya ndani inayobeba uhai wa kitu, na tayari linatumika katika sayansi nyingine. Wanaopendekeza punje au kokwa wanatafsiri kamusi badala ya dhana.

Neno la pili ndilo lenye matatizo. Panic kwa mtu wa kawaida ni hofu kuu, kiwewe, taharuki. Lakini kiini hakina hofu. Kinachoitwa hivyo ni tendo la makusudi: kiini kimegundua hali ambayo kikiendelea nayo kinaweza kuharibu data, kwa hiyo kimejisimamisha. Tom Van Vleck, aliyefanya kazi katika mfumo wa Multics, amesimulia mazungumzo yake na Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix. Van Vleck alieleza kuwa karibu nusu ya msimbo aliokuwa akiuandika ilikuwa ya kushughulikia makosa. Ritchie alimjibu kwamba wao wameyaacha hayo yote: kosa likitokea huitwa sehemu ya programu yenye jina la panic, mashine inasimama, na mtu anapaza sauti kwenye ujia kumwomba mwenzake aiwashe upya.

Simulizi hilo linamtambulisha msomaji aliyekusudiwa. Ni mwenzake mwandishi, yuko chumba cha pili, na anaujua msimbo. Kwake neno lolote lilitosha, hata la mzaha. Mstari huu umerithi sauti ya ujia ule, na sasa unasomwa na mtu asiye na mwenzake wa kumwita. Msomaji huyo akiutafsiri kwa uaminifu wa neno kwa neno, atapata kuwa "kiini kimetaharuki", naye atataharuki pia. Tafsiri yenye maana ingekuwa "kiini kimejisimamisha".

Maneno mawili yanayofuata, not syncing, yanapotosha kwa njia nyingine. Kwa mtumiaji wa simu wa leo, kusawazisha ni kuoanisha anwani na picha kati ya simu na akaunti ya mtandaoni. Akisoma kwamba hakuna usawazishaji, atadhani tatizo ni mtandao au akaunti. Maana ya kiini ni tofauti kabisa: data iliyokuwa katika kumbukumbu haitaandikwa sasa kwenye diski. Uamuzi huo ni kinga. Kiini kisichoiamini hali yake chenyewe kinakataa kuiandikia diski, ili kisiiharibu. Hivyo sehemu ya ujumbe inayosikika kama kushindwa ndiyo sehemu yenye habari njema kwa mwenye mafaili.

Sehemu ya mwisho inasema kwamba kiini hakikuweza kuupachika mfumo wa faili wa mzizi, na kwamba kifaa kilichotarajiwa hakitambuliki. Tarakimu 0,0 zina uzito. Zinaonyesha kwamba kiini hakikufika hata kwenye hatua ya kujua ni diski ipi. Katika mifumo ya jamii ya Debian na Ubuntu, initramfs ikiwepo lakini diski isipoonekana, kwa kawaida mtumiaji huachwa kwenye kidokezo cha amri cha initramfs. Ujumbe wenye 0,0 kwa hiyo humwelekeza fundi kushuku kwanza kwamba faili la initramfs lenyewe halipo au halikukamilika. Hali hiyo hutokea sasisho la kiini linapokatizwa katikati, kwa mfano umeme unapokatika na betri ya kompyuta kuukuu haishiki tena chaji, au nafasi katika sehemu ya kuwashia inapojaa.

Mfano mwingine wa jamii hiyo husema kuwa kuna jaribio la kumuua init, yaani mchakato wa kwanza wa mfumo. Kosa la kifo, kuua, hofu: msamiati wa matini hizi ni wa msiba. Mara nyingine hata maandishi hayaonekani. Skrini hubaki ilivyokuwa, na katika kompyuta nyingi taa ya kitufe cha herufi kubwa hupepesa bila kukoma. Taa hiyo ni ishara pekee isiyohitaji lugha, nayo haifundishwi popote.

4.0 Matokeo ya usomaji mbaya

Kigezo cha kuhakiki matini ya hitilafu ni tendo linalofuata baada ya kusomwa. Tendo la kawaida baada ya ujumbe huu ni kufomati: diski inafutwa na mfumo mpya unawekwa. Kwa fundi ni njia ya haraka na ya hakika. Kompyuta itawaka mbele ya mteja. Kwa mteja ni kupoteza tasnifu, hesabu za duka, au orodha ya wagonjwa wa zahanati. Hasara hiyo hupokewa kama majaliwa, kwa sababu ujumbe wenyewe ulikwisha kutangaza msiba.

Hali halisi inaruhusu njia nyingine. Mifumo mingi ya Linux huhifadhi toleo la awali la kiini pamoja na initramfs yake. Katika orodha ya GRUB mtumiaji anaweza kuchagua toleo hilo, na mara nyingi kompyuta hufunguka kama kawaida. Baada ya hapo nafasi husafishwa, initramfs ya toleo jipya hutengenezwa upya, na kazi imekwisha. Toleo la awali nalo likigoma, kompyuta huwashwa kwa flashi yenye mfumo endeshi, mafaili ya mtumiaji yakanakiliwa kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote, kisha diski na kumbukumbu zikapimwa. Kufomati ni hatua ya mwisho katika mpangilio huu. Msomaji aliyetafsiriwa panic kuwa kifo huifanya ya kwanza.

Hata anayeijua njia hiyo hukutana na kizuizi kingine. Kompyuta nyingi za Bujumbura zina kibodi ya mpangilio wa Kifaransa, lakini GRUB kwa kawaida huichukulia kibodi kuwa ya Kimarekani. Fundi anayeandika amri insmod normal, akibonyeza kitufe kilichoandikwa M, hupata nukta mkato. Herufi M yenyewe iko kwenye kitufe kilichoandikwa mkato, na mstari wa mlalo unaohitajika katika kila anwani ya faili uko kwenye kitufe cha alama ya mshangao. Amri sahihi hukataliwa bila maelezo, na mwandishi wake huhitimisha kwamba mashine imekufa kweli. Mwongozo ulioandikwa Nairobi au Dar es Salaam, ambako kibodi za Kiingereza ndizo za kawaida, hautalitaja jambo hili. Mwongozo wa Kiswahili kwa Burundi na Kongo ya mashariki hauwezi kuliacha.

5.0 Msamiati uliopo tayari

Ni makosa kudhani kwamba Kiswahili kinaingia katika uwanja huu mikono mitupu. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili na pia ni mtaa wa mafundi wa magari. Mafundi wa injini wana lugha pevu ya kushindwa. Gari kukataa kuwaka, kuwaka na kuzima, kuwaka bila kuvuta, kukosa nguvu mlimani: kila kauli huelekeza mkono kwenye sehemu tofauti ya mashine. Lugha hiyo haikutungwa na kamati. Ilitokana na haja ya fundi kumwelewa mwenye gari kabla ya kufungua boneti.

Wamiliki wa kompyuta wanafuata njia hiyohiyo. Wanasema imewaka lakini haifunguki, imeganda, inajizima yenyewe. Tatizo ni kwamba fundi wa kompyuta na mteja wake mara nyingi huridhika na kauli moja, kompyuta haiwaki, kwa hali tatu zisizofanana. Makala haya yanapendekeza mgawanyo unaofuata mazoea ya wasemaji. Kuwaka kuhusu umeme: taa na feni zinafanya kazi. Kuanza kuhusu kiini: mfumo endeshi umepakiwa na unaendelea. Kufunguka kuhusu mtumiaji: dirisha la kuingilia limefika. Kwa istilahi hizo hitilafu inayojadiliwa inaelezwa kwa sentensi moja ambayo kila mtu wa Buyenzi ataielewa: kompyuta imewaka, lakini haikuanza.

6.0 Je, ujumbe utafsiriwe?

Jibu la haraka la mtetezi wa Kiswahili ni ndiyo. Jibu hilo linahitaji tahadhari. Ujumbe wa kiini una kazi mbili. Kwanza ni taarifa kwa aliye mbele ya skrini. Pili ni kitambulisho: mstari uleule, herufi kwa herufi, hutumiwa na mafundi wa dunia nzima kutafuta kisa kinachofanana. Ukitafsiriwa na kuondolewa, fundi wa Bujumbura atapata sentensi anayoielewa na kupoteza ufunguo wa maarifa ya wengine. Uswahilishaji wa aina hiyo ungempendeza mtunga sera na kumtenga mtumiaji.

Mifumo mingine inaonyesha kwamba kazi hizo mbili zinaweza kutenganishwa. Mwaka 2002, Mac OS X 10.2 ilileta skrini ya kijivu iliyomwomba mtumiaji awashe kompyuta upya, kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kijapani kwa pamoja. Windows huonyesha maelezo katika lugha ya mfumo, lakini msimbo wa kosa, kama vile INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, haubadiliki. Linux nayo, katika toleo la 6.10 la mwaka 2024, ilianza kuwa na skrini maalumu ya hitilafu za kiini, na toleo la 6.12 la mwaka huohuo likaongeza uwezo wa kuonyesha taarifa za hitilafu kwa msimbo wa QR unaosomwa na simu. Njia ya kuifikia fafanuzi nje ya mashine iliyokufa sasa ipo. Fafanuzi ya Kiswahili ya kuunganishwa nayo ndiyo iliyobaki.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika duniani tarehe 19 Julai 2024. Sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike lilizifanya kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zianguke, na nyingi zikawa zinawaka na kuanguka tena na tena. Dawa ilikuwa kuwasha katika hali salama na kufuta faili moja, hatua ambayo mara nyingi haikuweza kufanywa kutoka mbali. Ilihitaji mtu mbele ya kila mashine, awe ameelewa maelekezo, na asifute zaidi ya kilichotajwa. Siku kama hiyo lugha ya maelekezo ni sehemu ya miundombinu, sawa na umeme.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba mstari mmoja wa Kiingereza humpotosha msomaji wa Kiswahili mara tatu: humtisha pale unapomlinda, humpeleka kwenye mtandao pale unapozungumzia diski, na hunyamaza kuhusu hatua ifuatayo. Tafsiri ya neno kwa neno ingerudia makosa hayo kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iyape majina ya hitilafu nafasi katika kazi ya istilahi, ikianza na hatua za uwashaji. Pili, zitungwe fafanuzi fupi za Kiswahili kwa hitilafu chache zinazojulikana zaidi. Kila moja inukuu ujumbe wa asili bila kuubadili, ieleze kilichotokea, kisha itaje kwa mpangilio cha kufanya na cha kutofanya. Sentensi ya kwanza ya kila fafanuzi iseme kama mafaili ya mtumiaji yanaelekea kuwa salama. Tatu, fafanuzi hizo zipatikane pia kwenye karatasi, kwa kuwa aliyefikwa na hitilafu hana kompyuta wakati huo, na zizingatie kibodi za Kifaransa. Nne, vyuo vinavyofundisha Kiswahili na vinavyofundisha kompyuta nchini Burundi vishirikiane na mafundi wa mitaani katika kuzijaribu kabla ya kuzisanifisha. Kipimo kiwe kimoja: baada ya kuisoma, fundi alinakili mafaili kwanza au alifomati kwanza?

Kiswahili kimekwisha kuthibitisha kwamba kinaweza kukaa juu ya kitufe cha kuhifadhi. Sera ya lugha katika teknolojia itakuwa na maana kwa mwananchi wa Bujumbura pale lugha hiyo itakapomsaidia kukiokoa alichokihifadhi.